Suad Wawili, Mpira Mmoja

Nyumba yetu ya Bofu, huku Likoni, haijui kunong'ona. Mama akikaanga samaki, jirani wa nyumba ya tatu huingia na ndimu yake mkononi bila kualikwa, na akiingia hupewa kiti. Wenye nyumba peke yetu tulikuwa kumi na wawili. Ongeza wanaokuja kusukwa nywele, wanaokuja kusengenya, na wale wa "nimepita tu, sikai" ambao hukaa mpaka adhana ya isha iwakumbushe kwao. Nimelelewa ndani ya zogo hilo, nami nilikuwa nalipenda kama watu wapendavyo halua. Mdomo wangu mwenyewe hauna breki. Nilikuwa najua nani anaposwa kabla posa haijafika, na nani ameachwa kabla wino wa talaka haujakauka. Shangazi Ihsan, dadake baba, alikuwa akisema siku nikifa nizikwe sikio moja nje, nisipitwe.

Kwa hivyo sikilizeni. Siri ikikaa ndani ya nyumba ile miezi mitano, nami peke yangu nisiijue, haikukaa yenyewe. Watu walifanya kazi kuikalisha.

Tuanze na majina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mamake babake. Bibi yetu anaitwa Suad. Wanawe wa kiume ni wawili, Ghanim na Faki. Ghanim ni babangu. Alipopata binti akamwita Suad, ndiye mimi. Miaka mitatu baadaye ami Faki akapata wake, naye akamwita Suad. Kufanya vingine ingekuwa aibu. Basi ukisimama barazani ukaita jina hilo, utaitikiwa "abee" na watu watatu, na Bibi ndiye atakayeitika kwa sauti kubwa zaidi, kama anayekumbusha watu mwenye mali ni nani. Ndipo tukatenganishwa, mimi Suad Mkubwa na binamu yangu Suad Mdogo. Sisi wawili tuliitana somo, kama waitanavyo watu wa jina moja.

Somo yangu ni mtoto wa vitabu na cherehani. Mpira anauogopa. Ukimpitia karibu hufunika uso kwa mikono miwili na kupiga yowe kama aliyeona nyoka kitandani.

Mimi nilikuwa napiga voliboli tangu miaka kumi na miwili, katika kiwanja cha vumbi nyuma ya shule ya msingi, dera limefungwa kiunoni juu ya suruali, mtandio umebanwa kwa pini nne. Aliyetufundisha ni Kocha Bonface, mtu wa bara, wa Vihiga, aliyekuwa akitoka zamu yake ya kiwandani Changamwe, anavuka feri, na kufika kwetu saa kumi jioni na viatu vyake vya kazi bado miguuni. Velma ndiye aliyekuwa akininyanyulia mpira, mimi napiga. Velma ni binti ya Baba Erastus, dereva wa lori, na mikono yake ilikuwa na adabu. Mpira ukitoka kwake ulisimama hewani ukinisubiri kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi kwenye foleni.

Nikiruka, kabla mkono haujashuka, palikuwa na punje ya wakati ambapo sikuwa juu wala chini. Kutoka pale, juu ya wavu, nilikuwa naliona paa la mabati la Mama Agneta, yule muuza viazi karai, na moshi wake, na paka wake mwekundu amelala juu ya matairi ya kuzuia upepo. Sijui nikuelezeje. Paa ni paa. Lakini kwa punje ile lilikuwa langu, na Likoni yote ilikuwa yangu, kisha kiganja kinakutana na mpira, paa! na wasichana wa upande wa pili wanatazamana kuulizana umepita wapi.

Mwaka juzi tulicheza Kombe la Vijana, chini ya miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa kumi na sita. Tukashika nafasi ya tatu. Mwaka ulipogeuka nikatimiza kumi na saba, na nikajua kwangu kombe lile limekwisha. Vitambaa vyangu vya magoti nikampa msichana mdogo wa timu. Nikalia. Wallahi nililia wiki nzima, mpaka Bibi akasema hata yeye alipofiwa na babu yetu hakulia hivyo, na babu alikuwa mtu mzuri.

Kisha Aprili, siku moja, nikatumwa Shelly Beach kumrudishia Shangazi Ihsan sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa imekaa kwetu tangu Mfungo Mosi, hakuna aliyeidai. Kesho yake Kocha Bonface akaja na mfuko wa machungwa, akaketi kiti cha karibu na mlango, akafuta jasho.

"Suad," akasema, "wamebadilisha. Mwaka huu ni chini ya kumi na tisa."

"Nani kasema?"

"Wenye kombe. Barua imekuja."

Nilipiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Nikamkimbilia Mama jikoni. Alikuwa anakoroga mchuzi, na hakugeuka. "Hongera mwanangu," akauambia mchuzi. Ami Faki alikuwa barazani na gazeti. Akaliinua kidogo, likamfunika uso. Hayo yote niliyaona, na mimi ndiye mwenye sikio nje ya kaburi, na sikuyafasiri. Mtu mwenye furaha ni kiziwi.

Tukacheza miezi mitano. Sijawahi kucheza vile. Kadi zetu za wachezaji, zenye picha na majina, alizishika Kocha mwenyewe, zimefungwa kwa mpira wa nywele. Huzipeleka mezani kwa waamuzi na kuzirudisha mfukoni. Mwamuzi akiita "Suad?" mimi nasema "abee" na kuinua mkono. Nani huulizwa jina la babake katikati ya kiwanja? Niliona wapinzani ni wadogo wadogo mwaka ule, nikamwambia Velma, "Mbona hawa ni vitoto?" Velma akainama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa.

Tukafika fainali ya kaunti, tukashinda seti tatu kwa moja. Watu wa nyumbani walikuja wote, mpaka Bibi, aliyebebwa na tuktuk hadi ukingoni mwa kiwanja, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki na mwavuli. Wakati wa zawadi, mshereheshaji, kijana mmoja mwenye maneno mengi kunishinda mimi, akashika maiki.

"Na mchezaji bora wa mashindano haya, mabibi na mabwana, ni Suad! Suad Faki Hashim wa Bofu! Mtoto wa miaka kumi na minne, jamani! Kumi na minne! Akifika ishirini si atapigia mpira mawinguni?"

Watu wakacheka, vigelegele vikapanda. Nami nilikuwa nacheka. Nikaenda mbele nikicheka, nikamwinamia kwenye maiki yake.

"Umekosea, kaka. Mimi ni Suad Ghanim. Faki ni ami yangu. Na miaka yangu..."

Vidole vya Kocha Bonface vikanishika kiwiko. Alikuwa anatabasamu kwa watu, meno yote nje, na vidole vinauma.

"Pokea, Suad. Tutaongea."

"Lakini amekosea jina."

"Pokea, msichana wangu. Tafadhali."

Mshereheshaji akafunika maiki, kisha akaifunua. "Furaha imemzidi mtoto!" Watu wakacheka tena.

Nikageuka kuwatafuta watu wangu. Nilitaka mmoja wao apige kelele kutoka kule, kama wanavyopigiana kelele kila siku Mungu aliyoileta, "Huyo si wa Faki, ni wa Ghanim!" Shangazi Ihsan, ambaye akikosewa chenji huita mtaa mzima ushuhudie, alikuwa anatengeneza buibui lake lililokuwa sawa. Babangu alikuwa anatazama saa. Mama alikuwa anatazama kiganja chake, na Bibi tasbihi yake. Kumi na mmoja, nikawahesabu, na hakuna aliyeinua macho.

Nikapokea. Medali ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na nyuma imeandikwa jina la mtoto anayeogopa mpira.

*

Usiku ule nyumba ilijaa kama arusi, na kwa mara ya kwanza nilisikia feni yetu inavyolia.

"Nani alianza?" nikauliza.

"Kunywa chai kwanza," akasema Shangazi Ihsan.

"Nani alianza, shangazi?"

Ami Faki akakohoa. "Kocha alikuja. Akasema umri umekupita, na bila wewe timu haina mkono. Akauliza kama kuna ndugu. Kombe halikubadilishwa, bado ni chini ya kumi na saba; nikampa cheti cha Suad Mdogo. Jina ni moja, babu ni mmoja. Hata ukiitwa unaitika vilevile."

"Sasa sufuria ya Shelly Beach..."

"Tulitaka ukae mbali kidogo tuzungumze," akasema Mama.

"Mama, nawe?"

"Ulikuwa huli, Suad. Wajua ulivyokuwa? Wiki nzima wageukia ukuta. Tukaona tukurudishie kitu chako. Tumekufanyia wewe."

"Mbona hamkuniambia?"

Hapo hakuna aliyetaka kulibeba lile jibu. Mwishowe Shangazi Ihsan, ambaye hajawahi kuacha neno lilale mdomoni, akalisema.

"Kwa mdomo wako huu? Ungemwambia nani asijue? Ingefika Kisauni kabla ya magharibi."

Wawili watatu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kupoza moto. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri jinsi walivyokaa chumba hiki hiki, kumi na mmoja, wakapima na wakakubaliana: akina Ihsan waweza kuaminiwa, jirani wa ndimu aweza kuaminiwa, mwenyewe Suad hawezi. Siri yangu ilifaa kwa kila mtu ila mimi.

Bibi akanyoosha mkono. "Ndoo hapa, mwanangu." Nikaenda, nikakaa chini miguuni pake. "Jina ni langu," akasema. "Nyote wawili nimewaazima. Leo limeitwa mbele ya watu, nimefurahi. Sasa nani kaibiwa?"

"Bibi, jina ni lako. Kuruka ni kwangu."

Tasbihi mkononi mwake ikaendelea kutembea peke yake.

Nikavua medali nikamvisha Suad Mdogo, aliyekuwa amejibanza mlangoni na kitabu chake. "Yako hii, somo. Wewe ndiye mchezaji bora."

Akaanza kulia. "Mimi sikutaka. Waliniambia nisiseme. Waliniambia nikisema utaacha kula tena."

Kumbe hata yeye, mtoto wa miaka kumi na minne, aliweza kufunga mdomo.

*

Asubuhi Velma akaja. Alisimama nje ya mlango, yeye ambaye siku zote huingia moja kwa moja mpaka jikoni kufunua sufuria.

"Velma, ulijua?"

"Kila mtu alijua, Suad. Hata Mama Agneta wa viazi."

Hata Mama Agneta. Nikakumbuka lile paa.

"Wiki ijayo ni fainali za Pwani, Malindi," akasema. "Usipocheza, Kocha itabidi aseme kwa nini, na tutafutwa sote. Kuna mwalimu wa shule moja anakuja kutafuta wachezaji. Mimi babangu hana namna ya kunipeleka shule nzuri, wajua. Nikinyanyua mpira na wewe haupo, nani ataona nilichonyanyua?"

"Kwa hiyo safari hii nidanganye nikijua."

"Mara moja tu. Kisha unitukane utakavyo."

Nikaenda Malindi. Sitajisafisha hapa, nilisimama mbele ya meza ya waamuzi, nikaulizwa, "Suad Faki?" nikasema "abee" na sauti haikutetemeka. Kwenye mstari alisimama dada mmoja mwembamba wa upande wa pili, magoti yake kama vifundo vya mkongojo, amening'iniza hirizi ya mamake kwenye soksi. Alikuwa na kumi na tano hivi. Velma akanyanyua. Mpira ukasimama hewani kunisubiri kama zamani. Nikaruka.

Nikafika juu, na hapakuwa na kitu.

Niliona ukuta, na tangi la maji, na watu wamekaa. Mkono ukashuka wenyewe kama mkono wa mtu anayeua mbu, mpira ukampata yule dada begani, akaanguka, akainuka akijifuta vumbi. Pointi. Timu ikanikumbatia. Nikaruka tena, pointi tena. Nilipiga pointi ishirini na tatu siku ile, na moja baada ya nyingine nilikuwa nangoja ile punje, kama mtu anayengoja kupiga chafya. Haikuja. Nilijaribu hata kufumba macho. Mwili ulikuwa unajua kila kitu, na mwenyewe sikuwemo.

Tulishinda. Velma akapata shule yake, na leo yuko huko, na simchukii. Wananiambia anawanyanyulia wengine vizuri.

Mimi nilirudi Bofu na sikwenda tena kiwanjani. Saa kumi jioni ilikuwa ikifika, nasikia mpira unavyodunda nyuma ya shule, na mimi nakatakata vitunguu. Watu wakasema, mwacheni, ni hasira, zitashuka. Mama akaanza kunipikia nipendavyo, leo wali wa nazi na samaki mkunga, kesho mahamri. Nilikula. Hilo liliwachanganya zaidi. Walikuwa wamejiandaa kwa msichana asiyekula.

*

Mwezi wa pili mwaka huu Kocha Bonface akarudi. Alikuja bila machungwa. Akavua viatu vyake vya kazi mlangoni, akaingia na bahasha, akaomba wote wakae: Bibi, babangu na Mama, ami Faki, Shangazi Ihsan, hata jirani wa ndimu, ambaye alikuwa amekaa tayari.

"Nimekuja mbele ya kila mtu," akasema, "kwa sababu kosa langu nalo lilifanywa mbele ya kila mtu, isipokuwa mwenyewe." Akatoa karatasi. "Hii ni ligi ya wanawake ya kaunti. Haina umri. Hakuna cheti cha kuazima. Nimeandika mwenyewe na nimeonyesha ofisini. Soma, Suad."

Nikaisoma. Suad Ghanim Hashim. Tarehe yangu ya kuzaliwa, siku, mwezi na mwaka. Picha yangu. Chini, mahali pa sahihi, patupu.

"Nisamehe," akasema. Na alimaanisha. Mtu mzima yule, soksi zake zimetoboka kidole gumba, alikuwa anatazama sakafu.

"Nimekusamehe, Kocha."

"Alhamdulillahi!" akapiga kelele Shangazi Ihsan, na nyumba ikafunguka kama mfereji uliokuwa umezibwa. Mama akafuta macho kwa ncha ya leso. Babangu akapapasa mifuko, akatoa kalamu, akaijaribu kwenye kiganja kama inaandika. Bibi akaanza kumweleza jirani kwamba ukoo wetu wote huruka, yeye mwenyewe ujanani aliruka ua la nyumba ya mudiri, yule afisa wa serikali. Jirani akaanza kupanga nani atakaa wapi kwenye tuktuk siku ya mchezo.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikalitazama jina. Lilikuwa sahihi mpaka nukta ya mwisho. Hiki ndicho kitu ambacho ningelipewa mwaka jana ningepiga kigelegele hadi feri isimame katikati ya mlango wa bahari. Nikakisubiri kitu kinipande kifuani. Nilisubiri kwa uaminifu, msidhani sikusubiri; nilijikumbusha mikono ya Velma, nikajikumbusha vumbi, paka mwekundu, moshi wa viazi. Kelele zikawa zinaendelea juu yangu. Nilikuwa kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba aliyozaliwa na kuambiwa, tazama, dirisha lako lile. Nalo ni dirisha.

Nikaweka kalamu juu ya karatasi, nikavirudisha vyote viwili kwa Kocha, kwa mikono miwili kama tulivyofunzwa.

"Ahsante," nikasema. "Sichezi."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Sichezi."

Nikazoa vikombe, nikaenda navyo jikoni. Nyuma yangu feni ikaanza kusikika tena.

Suad Mdogo akanifuata, akashika kitambaa cha kufutia. Mimi naosha, yeye anafuta. Baadaye akauliza polepole, "Somo, hutaki kweli?"

"Natamani ningetaka."

Akatikisa kichwa. Akafuta kikombe kile kile mara tatu. Na hakwenda kuwaambia. Kama nilivyokwishasema, ni mtoto anayeweza kuaminiwa.

Sasa ni miezi, na bado wanauliza. Shangazi Ihsan hunivizia chumbani, huniletea ubuyu, hunisengenyea watu wa maana kabisa akitumai nami nitalipa kwa neno. Mama huuliza kwa macho. Wageni huuliza waziwazi: mtoto ana mkono kama ule, amesamehe, karatasi imekuja na jina lake, kuna nini tena? Nyumba nzima inangoja nifungue mdomo wangu huu usio na breki.

Nawapimia chai, nawakaribisha mkate wa sinia, nawaambia habari za kila mtu wa Bofu mpaka Mtongwe. Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kanunua friji la mkopo. Hili moja siwaambii. Nyinyi nimewaambia kwa sababu hamkuwemo katika chumba kile siku niliyotumwa Shelly Beach na sufuria.